Ndoo ya asali imeumuka: dalili, vyanzo na chachu zinazohusika

Saa kumi na moja alfajiri konda wa basi alinipigia simu. "Kaka, mzigo wako umepasuka. Buti lote limelowa asali, na humu kuna marobota ya vitenge ya watu." Ilikuwa ndoo moja ya lita 20 kutoka Sikonge, mkoani Tabora, asali ya msituni, karibu kilo 28, niliyoifunga kwa mikono yangu na kuizungushia selotepu. Kifuniko kilikuwa kimeruka, povu limetoka kama uji uliofurika jikoni, na harufu yake ilikuwa ya donge la maandazi lililolala usiku kucha. Nilimlipa mwenye vitenge. Kisha nikampigia mzee aliyenirinia asali ile, nikamwambia bila haya kwamba ameitia maji.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, maji waliyaleta nyuki wenyewe. Sisi ndio hatukuwasubiri wayatoe."

Alikuwa na haki. Tulirina mwezi Desemba, mvua zimeshashika, na nusu ya masega hayakuwa yamefunikwa nta. Yaliyofuata ni kazi ya chachu, na chachu hakuzileta mtu. Mambo ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa kupoteza ndoo kadhaa, na kwa kuuliza watu wenye hadubini.

Wateja wa Dar wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza akifungua chupa ikatoa "tsss", anasema feki hiyo. Wa pili akisikia mlio uleule anafurahi: eeh, hii kali, hii ya porini kweli. Wote wawili wanasoma alama isiyosema hivyo. Povu halikuambii kama asali ni halisi au imechakachuliwa. Linakuambia kwamba maji yamezidi na chachu zimeamka.

Kabla ya dalili yoyote: pima maji

Kila asali mbichi ina chachu ndani yake. Nyuki anaziokota kwenye maua pamoja na mbochi (yale maji matamu ya ua) na chavua, anaziingiza mzingani kwa miguu na tumbo, nazo zinakaa kwenye masega, kwenye kuta za mzinga wa gogo, kwenye ndoo uliyoisuuza haraka haraka. Hazifanyi fujo kwa sababu asilimia 80 hivi ya asali ni sukari, na sukari nyingi namna hiyo inanyonya maji kutoka kwenye seli ya kijidudu. Zinalala tu, na zinaweza kulala miaka.

Kwa hiyo ukiletewa ndoo yenye matatizo, usianze kwa kunusa. Anza na refraktomita, kile kidude cha mkononi kama darubini fupi. Weka tone moja la asali kwenye kioo chake, funika, subiri nusu dakika joto lilingane, kisha tazama kwenye mwanga. Utaona mstari kati ya bluu na nyeupe, na namba pembeni. Kuna mitego miwili hapa. Vya asali havisawazishwi kwa maji kama vile vya juisi. Wengi hutumia mafuta halisi ya zeituni, ambayo kwenye mizani ya maji husoma karibu 27. Pia asali iliyoganda nusu itakudanganya, maana unapima ule umajimaji uliobaki kati ya chembe na sio ndoo nzima. Ipashe moto taratibu hadi iyeyuke yote, ikoroge, ipoe, ndipo upime.

Namba ukishaipata, isome hivi. Mwaka 1933 mtaalamu wa vijidudu wa Kanada aitwaye Lochhead alitoa vipimo ambavyo mpaka leo wafugaji wanavitumia. Chini ya asilimia 17.1 ya maji, asali haichachuki hata ikiwa imejaa chachu. Kati ya 17.1 na 18 iko salama kama chachu hazifiki 1000 kwa gramu. Kati ya 18.1 na 19, zisizidi 10 kwa gramu. Kati ya 19.1 na 20, isizidi moja. Ikipita 20, ni suala la muda tu.

Sasa linganisha na kiwango cha kimataifa cha Codex, ambacho kwa asali nyingi kinaruhusu maji hadi asilimia 20. Asali yenye 19.5 imefaulu mtihani wa karatasi, na bado inaweza kukulipukia. Ndiyo maana siku hizi muuzaji akinionyesha cheti nasema asante, halafu natoa refraktomita mfukoni.

"Ina povu juu"

Povu la siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kukamua mara nyingi ni hewa tu. Masega ya mzinga wa gogo yanafinywa kwa mkono au kwa kitambaa, hewa inaingia, na asali nzito haiiachii upesi. Litapanda juu pamoja na vipande vya nta na mabawa ya nyuki. Liengue kwa mwiko, funika, ondoka.

Rudi baada ya siku nne. Kama uso ni safi, lilikuwa hewa. Kama povu limerudi, na zamu hii viputo ni vidogo vidogo vinavyopanda kutoka chini kwa mfululizo, chachu zinafanya kazi. Weka sikio kwenye ukingo wa ndoo; usicheke, jaribu. Asali iliyochangamka ina mchakacho mdogo, kama soda iliyomiminwa dakika tano zilizopita.

Ukibaki na mashaka, fanya jaribio la chupa mbili. Chota asali ileile kwenye chupa mbili za kioo safi. Moja iweke kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka asali yenyewe ifike nyuzijoto 65, iache hapo dakika kumi, funga. Nyingine ifunge ilivyo. Ziweke pamoja kabatini wiki mbili au tatu, na kila siku legeza vifuniko kidogo kisha ukaze. Iliyopashwa ikitulia na mbichi ikatoa povu, mhusika ni kiumbe hai. Zote zikitulia, unahangaika na hewa.

"Kifuniko kimevimba"

Chachu ikila sukari hutoa kileo na hewa ukaa. Hewa ukaa ndiyo inayosukuma kifuniko.

Lakini fikiria na njia iliyopita chupa. Mji wa Tabora uko karibu mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Chombo kilichofungwa Dar kikipandishwa Tabora au Arusha kitavimba kidogo bila kosa la mtu, kwa kuwa hewa ya nje huko ni nyepesi. Kilichofungwa Tabora kikashushwa Dar kinatakiwa kibonyee ndani. Kwa hiyo chupa iliyotoka bara ikafika pwani imevimba haina kisingizio: iache wazi kidogo itoe pumzi, ipime maji, na iuze haraka kwa mtu wa kupika nayo.

"Chini imeganda, juu ni majimaji"

Hii ndiyo dalili inayowapoteza wengi, hata mimi. Asali ilikuwa nzuri mwezi wa saba, ina asilimia 18 na kidogo. Mwezi wa kumi imeganda chini, juu kuna tabaka jepesi, na mwezi wa kumi na mbili hilo tabaka linanuka pombe. Hakuna aliyeongeza maji.

Kinachoganda ni glukosi. Kila chembe ya glukosi inapojijenga inashika maji kiasi, kama asilimia 9 tu ya uzito wake. Asali nzima ilikuwa na 18. Maji yasiyochukuliwa na chembe yanabaki kwenye umajimaji wa fruktosi ulio katikati na juu, na pale yanapanda kupita 20. Chachu zilizokuwa zimelala zinakuta bwawa. Halafu chachu kuu za asali, za jamii ya Zygosaccharomyces, zinapenda fruktosi kuliko glukosi, tofauti na chachu nyingi tunazozijua. Umewapikia na chakula wakipendacho.

Ndoo ikiwa bado haijachachuka, ipashe kwenye beseni la maji ya moto nyuzijoto 45 hivi hadi iyeyuke, ikoroge hadi chini kabisa, kisha ipime. Ikisoma chini ya 18, funga vizuri na uiuze kabla haijaganda tena. Ikisoma 19 na zaidi, ruka hadi sehemu ya tiba.

"Ilikuwa nzuri Sikonge, imeharibika Dar"

Asali inavuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 58, asali hutulia kwenye maji asilimia 17.4. Unyevu ukiwa 66, inatulia kwenye 21.5. Ukiwa 76, inaelekea 28.9. Julai kule Tabora hewa ni kavu, midomo inapasuka. Dar es Salaam unyevu wa 75 na zaidi ni jambo la kawaida. Ndoo iliyoachwa wazi Kariakoo, au yenye kifuniko kisichoshika, inakunywa hewa usiku na mchana. Haiharibiki yote mara moja; uso wa juu, unene wa kidole tu, ndio unaolowana, na chachu zinaanzia hapo hapo.

Chupa ya kioo yenye kifuniko cha chuma inashika kuliko chupa za maji ya kunywa tunazozitumia tena. Na usipakie siku ya mvua. Mimi napakia mchana, jua kali, madirisha yamefungwa. Kijana wangu wa kazi analalamika kwa jasho, na ana haki.

"Inanuka": hapa ndipo chachu zinapotofautiana

Neno "chachu" linatufanya tuone kitu kimoja, ile hamira ya pakiti. Kwenye asali ya porini ni kijiji kizima, na wakazi wake hubadilika jinsi mbochi inavyokauka.

Ndani ya ua, mbochi ikiwa bado nyepesi, anayetawala sana ni Metschnikowia, hasa Metschnikowia reukaufii. Huyu anaishi maua hadi maua kwa kubebwa na wadudu. Nyuki akishaipeleka mbochi mzingani, akaitema na kuimeza na kuipepea, sukari inapanda na Metschnikowia anashindwa. Wanabaki wale waliozoea nyuki, wengi wao wa jenasi ya Starmerella. Mmoja wao, Starmerella bombicola, aligunduliwa kwenye asali ya nyuki-bambi wa Kanada, na leo viwanda vinamfuga kwa sababu anatengeneza aina ya sabuni ya asili kutoka kwenye sukari na mafuta. Wa mwisho kusimama, asali ikishaiva, ni Zygosaccharomyces: Z. rouxii, Z. mellis na ndugu zao. Z. rouxii ndiye yuleyule anayechachusha mchuzi wa soya huko Asia. Mara nyingine hadubini huonyesha na Schizosaccharomyces octosporus, ambaye hachipuzi kitoto ubavuni kama wenzake. Hujikata katikati akawa wawili.

Wanasayansi hupima maji yaliyo huru kwa kijidudu kuyatumia kwa namba kuanzia 0 hadi 1. Maji matupu ni 1. Hamira ya mkate inasimama karibu na 0.9. Asali iliyoiva iko kati ya 0.5 na 0.65 hivi. Z. rouxii anaweza kukua hadi karibu 0.62. Ukitia kijiko cha hamira ya dukani kwenye asali nzito, inakufa kiu. Kwa hiyo yule jirani anayedai kwamba asali imechachuka kwa sababu iliwekwa karibu na unga wa maandazi, mpe chai, mpe pole.

Sasa pua. Harufu ya mkate au togwa, ladha bado tamu lakini inachoma kidogo ulimi: chachu ziko mwanzoni. Harufu ya matunda yaliyoiva mno, nanasi au ndizi, pamoja na ukali wa kileo: zimeshafika mbali. Harufu ya siki: chachu zimemaliza zamu, zimeingia bakteria wa siki, wale wa Acetobacter na Gluconobacter, wanaogeuza kileo kuwa siki wakipata hewa. Siki ina maana chombo kilikuwa hakijafungwa sawasawa.

Kuna harufu zisizo za uchachu kabisa. Moshi uliozidi wakati wa kurina. Chavua nyingi iliyokamuliwa pamoja na asali. Na mbaya kuliko zote, majana, yaani watoto wa nyuki. Mtu akifinya sega zima, lenye asali upande mmoja na mabuu upande mwingine, yale maziwa ya mabuu yanaingia ndooni. Yanaongeza maji, yanaongeza chakula cha chachu, na baada ya wiki chache ndoo inanuka kitu ambacho sitaki kukieleza. Ukiona asali ina ukungu mweupe kama imechanganywa na tui, uliza masega yalichambuliwa vipi. Masega ya asali iliyofunikwa yawe kwenye ndoo yake, yasiyofunikwa yake, ya majana yasiguswe kabisa. Nusu ya matatizo yote ninayoyaeleza hapa yangeishia pale chini ya mti.

"Ni chungu-chungu na nyepesi kama maji, ya nyuki wadogo"

Hii si hitilafu. Asali ya nyuki wadogo wasiouma kwa kawaida ina maji asilimia 25 hadi 35, na uchachu kidogo ni sehemu ya uiveshaji wake ndani ya vijungu vyao vya nta na utomvu. Ukiipima kwa kipimo cha asali ya nyuki wakubwa utaitupa bure.

Kwa hawa nyuki chachu inaweza hata kuwa mlezi. Kwa spishi moja ya Brazil, Scaptotrigona depilis, watafiti waligundua kwamba mabuu wanahitaji kula kuvu wa jamii ya Zygosaccharomyces aliyeota kwenye chakula chao ili wafaulu kugeuka nyuki wazima. Ukiwanyima, wengi hawafiki.

Kwa muuzaji ushauri ni mfupi: iweke kwenye jokofu, chupa isijazwe hadi shingoni, na mwambie mteja aifungue taratibu.

"Ina mistari myeupe kama ukungu"

Viputo vya hewa kati ya chembe zilizoganda, kwenye ukuta wa chupa. Haidhuru. Endelea na kazi.

Tiba, na zile zinazoitwa tiba

Asali iliyo na 19 au 20 lakini bado haijachachuka inaokolewa. Chumba kidogo kilichofungwa, mashine ya kukausha hewa, feni, asali imetandazwa kwenye sinia pana kina cha vidole viwili, ikorogwe mara kwa mara. Asiye na mashine asubiri kiangazi cha bara, sio cha pwani.

Kuua chachu kwa joto kunawezekana: nyuzijoto 63 kwa dakika 7 na nusu zinatosha, kisha ipozwe haraka. Maji yawe kwenye sufuria, asali kwenye chombo ndani ya maji, na kipimajoto kiwe kwenye asali yenyewe. Kuichemsha moja kwa moja juu ya mkaa hadi itokote ni kuiua pamoja na chachu. Inakuwa nyeusi, vimeng'enya vinakufa, na kemikali iitwayo HMF inapanda. Kwa asali za nchi za joto Codex inataka isizidi miligramu 80 kwa kilo. Na ukishaipasha, usiiuze kwa jina la asali mbichi.

Jokofu linasaidia. Chini ya nyuzijoto 11 chachu hazifanyi kazi ya maana. Tatizo ni ile kati na kati: kwenye nyuzijoto 14 hivi asali inaganda upesi kuliko kawaida, na umeshaona kuganda kunaleta nini.

Kuna anayeweka dawa ya kuhifadhia juisi, benzoeti. Kwanza asali hairuhusiwi kuongezwa kitu. Pili, ndugu yao Zygosaccharomyces bailii anajulikana viwandani kote kwa kuivumilia dawa hiyo. Utakuwa umeharibu asali na chachu iko palepale.

Iliyokwishachachuka hairudi. Usiwarudishie nyuki, inawaharisha. Usiichanganye na ndoo nzuri ukitumaini itapotea humo, maana utakuwa umepanda mbegu kwenye ndoo mbili. Ikiwa haina majana wala siki, inafaa kupikia keki au mikate. Na kwa vyovyote iwavyo, asali isiyochachuka au iliyochachuka, mtoto chini ya miezi 12 asipewe, kwa sababu ya spora (mbegu sugu) za bakteria wa botulini ambazo joto la jikoni haliziui.

Halafu kuna wanzuki, pombe ya asali. Watu wa bara watakuambia asali iliyoumuka haikuharibika, ilikuwa njiani tu. Lakini mpika wanzuki mzuri haitumii ndoo iliyojichachukia yenyewe. Anachukua asali safi, anaongeza maji mengi hadi sukari ishuke, kisha anatia chachu anayoijua. Wakikuyu kwenye muratina wao wanatumia tunda la mwegea lililokaushwa. Nyuzi zake zinashika chachu za pombe iliyopita, linaanikwa, linangojea pombe ijayo.

Ile iliyomwagika kwenye buti, mzee aliniambia ningemrudishia hata nusu ndoo angejua la kuifanya. Nilikuwa nimeshaimwaga. Mwaka uliofuata nilisubiri hadi Juni, nikaenda mwenyewe. Akapasua sega mbele yangu, akanionyesha kifuniko cha nta kimetanda kote, akaligeuza kichwa chini na kulitikisa. Halikudondosha hata tone. Refraktomita ilisoma 16.8.